Jua la Sentabyo

Katika masimulizi ya ikulu ya Rwanda, kupatwa kwa jua, au ubwirakabiri kama Wanyarwanda wanavyosema, kumeshikamana na jina la mwami (mfalme) mmoja: Mibambwe Sentabyo, mwana wa Kigeri Ndabarasa. Inasimuliwa kwamba jua lilipatwa mwanzoni mwa utawala wake, muda mfupi baada ya kutawazwa. Kauli yenyewe ni fupi na haitaji mwaka. Hata hivyo ndiyo msumari ambao wanahistoria wametundika juu yake sehemu kubwa ya kalenda ya Rwanda ya kale.

Ikulu hiyo haikuhesabu miaka, ilihesabu wafalme. Majina ya utawala yalifuatana kwa mzunguko: Cyilima au Mutara, kisha Kigeri, kisha Mibambwe, kisha Yuhi, halafu mwanzo tena. Abiru, walinzi wa siri na taratibu za ufalme, walihifadhi taratibu hizo kwa kichwa. Orodha ya wafalme pamoja na mama zao ilitunzwa katika ubucurabwenge. Habari za vita, ng'ombe na magomvi ya urithi zilisimuliwa katika ibitekerezo. Msikilizaji aliweza kujua bila shaka kwamba Sentabyo alimfuata Ndabarasa na kwamba baada yake alikuja Yuhi Gahindiro. Lakini kama hayo yalitokea miaka mia moja au mia moja na hamsini kabla ya Wazungu kufika, hakuna aliyeweza kusema. Mwaka wa kwanza usio na ubishi katika orodha ya wafalme ni 1895, alipokufa Kigeri Rwabugiri, mwaka mmoja tu baada ya Mjerumani Gustav Adolf von Götzen kupita katika nchi yake. Nyuma ya hapo kila tarehe ni ya kukadiria.

Ndiyo maana kauli ile kuhusu jua la Sentabyo ilipewa uzito. Mwendo wa jua na mwezi hukokotolewa kwa kurudi nyuma karne nyingi, na kila kupatwa kuna siku yake na njia yake juu ya uso wa dunia. Tukio lililoonwa na watu wasio na kalenda ya miaka laweza kupewa tarehe na mtu aliyezaliwa karne mbili baadaye, mradi itambuliwe ni kupatwa kupi.

Wa kwanza kufanya kazi hiyo kwa ukamilifu alikuwa Alexis Kagame, padri na mwanahistoria aliyezaliwa mwaka 1912 huko Kiyanza, kaskazini ya Kigali. Ukoo wake ulikuwa miongoni mwa abiru, na kwa idhini ya Mwami Mutara Rudahigwa aliweza kuandika mambo ambayo hadi wakati huo yalikuwa vinywani mwa watu wachache tu. Kagame alikadiria kizazi kimoja cha kifalme kuwa miaka 33, na kupatwa kwa jua kwa Sentabyo akakuweka mwaka 1741. Kwa hesabu yake Sentabyo alitawala 1741 hadi 1746, Gahindiro 1746 hadi 1802, Mutara Rwogera 1802 hadi 1853, na Rwabugiri 1853 hadi 1895.

Jan Vansina, mwanahistoria Mbelgiji, alifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya IRSAC mjini Astrida, ambao leo ni Huye, mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko aliongoza ukusanyaji wa ibitekerezo kutoka kwa wasimulizi wa sehemu nyingi za nchi. Mwaka 1962 alitoa kitabu kilichopinga hesabu ya Kagame. Tawala za miaka hamsini na zaidi, moja baada ya nyingine, zilikuwa ndefu mno kwake. Akashika kupatwa kwingine kwa jua, kwa mwaka 1792, na kumweka Sentabyo kati ya 1792 na 1797.

Tofauti ni miaka 51, na si jambo dogo. Katika siku za Sentabyo ufalme wa Bugesera, uliokuwa kusini ya Kigali ng'ambo ya mto Nyabarongo, ulivunjwa na nchi yake ikagawanywa kati ya Rwanda na Burundi. Upande wa Burundi mfalme alikuwa Ntare Rugamba. Mwana wa Ntare aliyemrithi, Mwezi Gisabo, alikufa mwaka 1908, na mwaka huo umeandikwa na Wajerumani waliopigana naye. Kwa hesabu ya Kagame, basi, baba na mwana wawili hao wangelazimika kujaza zaidi ya miaka 160, tangu kugawanywa kwa Bugesera hadi kifo cha Gisabo. Kwa hesabu ya 1792 wanajaza zaidi kidogo ya miaka 110. Hiyo nayo ni mingi, lakini yawezekana, kwa kuwa Gisabo alirithi akiwa mtoto na akaishi hadi uzee. Hoja hii kutoka kwa jirani ina nguvu kuliko wastani wowote wa vizazi, na ndiyo sababu kubwa ya kuupendelea mwaka 1792. Hata hivyo Kagame hakuwa mtu wa kubahatisha. Gahindiro alitawazwa akiwa mtoto mchanga, mama yake Nyiratunga akishika madaraka kwa niaba yake, na mfalme wa namna hiyo anaweza kweli kutawala miaka mingi sana.

Kaskazini ya Rwanda kuna kisa cha zamani zaidi. Masimulizi ya ufalme wa Nkore yanaeleza kwamba Olimi, mfalme wa Bunyoro, alivamia nchi yao na kuteka ng'ombe katika siku za Ntare Nyabugarobwera. Jeshi lilipofika Biharwe, karibu na Mbarara ya leo, jua likazimika mchana. Wavamizi wakakimbia na kuacha mateka, na watu wa Nkore wakasema ng'ombe wameanguka kutoka mbinguni. Wanyoro nao wanakumbuka giza hilo. Kwa sababu pande mbili zilizokuwa maadui zinakubaliana juu ya jambo moja, kisa cha Biharwe kinaaminiwa kuliko visa vingi vya aina yake. Katika miaka ya 1950 na 1960 wasomaji wa jarida la Uganda Journal walibishana kuhusu tarehe yake, na iliyokubaliwa na wengi ni 17 Aprili 1520. Leo kuna mnara wa kumbukumbu mahali hapo, kando ya barabara ya Masaka kwenda Mbarara. Buganda pia inalo simulizi la jua kuanguka, katika enzi ya Kabaka Jjuuko.

Kisa cha Biharwe kinaigusa Rwanda kwa njia ya uvamizi. Masimulizi ya Wanyarwanda yanasema Wanyoro waliingia nchini mwao katika siku za Kigeri Mukobanya na Mibambwe Sekarongoro, na Wanyoro wanasema mfalme wao Cwa alikwenda Rwanda asirudi. Watafiti walijaribu kuziunganisha orodha za wafalme wa Rwanda, Nkore na Bunyoro, wakianzia Biharwe, ili Rwanda nayo ipate tarehe za karne ya 16. Viungo hivyo ni dhaifu. Kati ya Olimi na Cwa kuna wafalme kadhaa katika orodha ya Bunyoro, na kila mmoja analeta makisio yake.

Hoja nzima inategemea jambo ambalo mtu yeyote wa Kigali ameweza kulipima kwa macho yake katika miaka ya karibuni: kupatwa kwa jua kuna kina mbalimbali, na kukumbukwa kunategemea kina hicho. Mwezi unapofunika nusu ya jua, mtu ambaye hakuambiwa hajui kwamba kuna jambo. Mboni hupanuka polepole kadiri mwanga unavyopungua, na wingu la kawaida la msimu wa mvua huondoa mwanga mwingi zaidi. Jua likifunikwa robo tatu, mchana huanza kuwa na rangi isiyo ya kawaida, kama ya chuma, na joto la ngozini hupungua. Hata linapofunikwa sehemu 99 kwa mia, mwanga unaobaki bado ni mkali maelfu ya mara kuliko ule wa mbalamwezi. Giza la kweli, la nyota kuonekana na ndege kurudi viotani, huja pale tu jua linapofunikwa lote, na hudumu dakika chache. Kukiwa na kupatwa kwa pete, mwezi ukiwa mbali kidogo na dunia na hivyo kuonekana mdogo kuliko jua, giza hilo haliji kabisa, hata mtu akiwa katikati ya njia.

Kupatwa kabisa hufika mahali pamoja kwa wastani mara moja katika miaka 375 hivi. Kupatwa kwa sehemu huja pale pale kila baada ya miaka michache. Kwa hiyo katika maisha ya kila mwami wa Rwanda jua lilipatwa mara kadhaa juu ya nchi yake, na karibu mara zote hizo hakuna aliyeona cha kusimulia. Simulizi linaposema mchana uligeuka usiku, mwanahistoria analazimika kutafuta njia ya kivuli iliyopita karibu sana. Simulizi likisema tu kwamba jua lilipatwa, kama lile la Sentabyo, uwanja unakuwa mpana, na miaka kadhaa inaweza kufaa.

David Henige, Mmarekani aliyechunguza tarehe za masimulizi ya mdomo katika kitabu chake cha 1974, alilisisitiza jambo hilo bila huruma. Alionyesha kwamba anayechagua kupatwa kwa jua kwa kawaida huwa tayari na mwaka anaoutaka, kisha hutafuta katika jedwali lililo karibu nao. Aliongeza kwamba katika nchi nyingi jua huzimika katika masimulizi kwa sababu mfalme mkubwa amekuja au ameondoka, bila mtu yeyote kuwa ameangalia juu. Onyo hilo ni la haki. Lakini halifuti simulizi la Sentabyo, ambaye hakuwa mfalme mkubwa: alitawala muda mfupi, akipambana na ndugu yake Gatarabuhura aliyekidai kiti. Mtu anayetunga ishara ya mbinguni angeipeleka kwa mfalme mkubwa kama Rujugira au Rwabugiri. Kukumbukwa kwa jua katika utawala mdogo kama huu ni sababu nzuri ya kuamini kwamba jambo lilitokea kweli, hata kama mwaka wake utaendelea kujadiliwa.

Kigali yenyewe, ikiwa mji, ni changa kuliko mabishano haya. Richard Kandt, daktari na mpelelezi aliyekuwa mwakilishi wa serikali ya Ujerumani, alianzisha makao yake juu ya kilima cha Nyarugenge mwaka 1907. Nyumba inayobeba jina lake leo ni makumbusho. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, makarani na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili, wengi wao Waislamu, na makazi yao yakawa Biryogo na Nyamirambo, ambako Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913. Watu hao walileta namna nyingine ya kulipokea jua linapopatwa. Mtume Muhammad alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku hiyo hiyo na watu wakasema ni kwa ajili ya msiba. Yeye akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Swala ya kusufi husaliwa rakaa mbili, kila rakaa ikiwa na rukuu mbili. Katika mji uliozungukwa na masimulizi ya wafalme na ishara zao, fundisho hilo liliitenga mbingu na mambo ya kiti cha enzi, na lilitangulia hesabu za wanajimu wa Ulaya katika vichwa vya wakazi wengi wa Nyamirambo.

Tarehe 29 Mei 1919, Rwanda ikiwa tayari mikononi mwa Wabelgiji na Yuhi Musinga akiwa bado mwami huko Nyanza, kivuli cha mwezi kilivuka Atlantiki kutoka Brazil, kikapita kisiwa cha Príncipe na msitu wa Kongo, kikafika upande wa Ziwa Tanganyika jioni. Kule Príncipe, Arthur Eddington alipiga picha za nyota karibu na jua zilizothibitisha nadharia ya Albert Einstein juu ya uvutano. Kigali, kaskazini ya njia hiyo, jua lilielekea magharibi likiwa limefunikwa sehemu. Kivuli kingine kilipita Kongo, Uganda na Kenya tarehe 14 Januari 1926, na kingine kirefu sana tarehe 30 Juni 1973, kilichovuka Sahara na kufika Ziwa Turkana. Cha tarehe 16 Februari 1980 kilipita Zaire, Tanzania na kusini ya Kenya. Mara zote hizo Kigali ilikuwa pembeni.

Pembeni huko ndiko Kigali imebaki katika karne hii pia, ingawa imesogelewa sana. Tarehe 15 Januari 2010 pete ilipita juu ya Kampala na Nairobi, na Kigali iliona hilali ya jua baada ya saa moja asubuhi. Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli kilipita kaskazini ya Uganda, Pakwach ikapata giza kamili kwa sekunde chache, na Kigali ikaona sehemu yake baada ya saa kumi alasiri. Tarehe 1 Septemba 2016 pete ilionekana Rujewa, wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, na tarehe 21 Juni 2020 ilianzia Kongo alfajiri na kwenda Ethiopia hadi Oman. Katika matukio yote manne zaidi ya nusu ya kipenyo cha jua ilifunikwa juu ya Kigali, na katika yote manne mji uliendelea na kazi zake katika mwanga wa mchana. Huo ni ushahidi mzuri kwa swali la Sentabyo: kupatwa kwa kina hicho, katika nchi isiyo na gazeti wala redio ya kutangaza, kungeweza kupita bila kuacha neno hata moja katika ibitekerezo. Yaelekea jua la Sentabyo lilifunikwa zaidi ya hapo, au lilionwa likiwa chini kwenye upeo wa macho, nyuma ya ukungu, ambako umbo lake lililokatwa huonekana hata na mtu asiyelitafuta.

Umbo hilo lina utaratibu wake, na Kigali, iliyo digrii mbili tu kusini ya ikweta, inauonyesha vizuri. Mwezi huliingia jua kutoka upande wake wa magharibi. Kwa kuwa jua hapa huchomoza na kutua karibu wima, upande huo wa magharibi ndio wa juu wakati wa asubuhi na wa chini wakati wa jioni. Ndiyo maana mwaka 2010 jua lilianza kuliwa kutoka juu, na mwaka 2013 kutoka chini. Njia ya kivuli ikiwa kaskazini ya Rwanda, mwezi hufunika zaidi upande wa kaskazini wa jua na hilali inayobaki huelekea kusini. Mwaka 2016, njia ikiwa Tanzania, ilikuwa kinyume chake. Tukio zima, tangu mguso wa kwanza hadi wa mwisho, huchukua saa mbili hadi tatu.

Msimu nao una kauli yake. Juni na Septemba mwanzoni ni kiangazi, anga huwa wazi lakini yenye vumbi na moshi. Novemba ni katikati ya mvua, na wingu moja juu ya Mlima Kigali laweza kufunika saa yenyewe iliyongojewa.

Kuliangalia jua lililopatwa kwa sehemu ni hatari wakati wote, kwa kuwa hakuna dakika ambayo limefunikwa lote. Sehemu ndogo inayobaki huunguza retina, na retina haina hisia ya maumivu ya kumwonya mtu. Beseni la maji, ambalo vizazi vingi vya Afrika Mashariki vimelitumia, halitoshi. Maji hurudisha takriban sehemu mbili kwa mia za mwanga jua likiwa juu, na zaidi likiwa chini, wakati jicho linahitaji kiasi kisichozidi sehemu tatu hivi kwa laki moja. Filamu ya eksirei na miwani ya jua ni vile vile. Vinavyofaa ni miwani maalumu yenye alama ya kiwango cha ISO 12312-2, kioo cha mchomeleaji cha namba 14, au kutolitazama jua kabisa: kipande cha karatasi ngumu chenye tundu dogo huangusha taswira ya jua juu ya karatasi nyeupe nyuma yake. Chini ya mwembe au mparachichi kazi hiyo hufanywa na nafasi kati ya majani, na ardhi hujaa hilali ndogo zinazotazama upande mmoja. Yawezekana sana kwamba watu wa zamani waliozitazama hilali hizo udongoni walikuwa salama kuliko waliotazama juu.

Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kitapita Hispania, Afrika ya Kaskazini, Luxor, Jeddah na Makka, kisha Yemen na ncha ya Somalia. Luxor itakuwa gizani zaidi ya dakika sita, na Kigali itaona kipande kidogo tu cha jua kikikatwa. Tarehe 21 Mei 2031 pete itatoka Angola, ipite kusini ya Kongo, Zambia na Tanzania kuelekea India, na Kigali itapata sehemu kubwa zaidi, asubuhi, mwezi ukiingia kutoka juu na hilali ikibaki upande wa kaskazini.